Kwa nini watoto wameshika ngeli kwa laptopu mbovu wiki tatu, na kwa ubao mwaka mzima wapi?

#1 Mwalimu Lanet
Wadau habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Nakuru, upande wa Lanet, na kuna kitu kimekataa kuniingia kichwani nikaona nikilete hapa.

Likizo hii watoto sita wa majirani, wote kidato cha pili, walikuwa wanakuja kwangu Jumamosi. Niko na laptopu moja mzee sana, betri ilikufa kitambo inaishi kwa waya kama mgonjwa, na herufi B kwa kibodi haikubali mpaka uigonge mara tatu. Nikaweka QBasic, lugha ya kuandikia programu ya jamii ya BASIC, hiyo ya zamani ya skrini ya bluu. Nikawaambia hivi, hii mashine haijui Kiswahili hata kidogo, ni kama mgeni ameshuka jana, sasa nyinyi mfundisheni kuweka maneno kwa wingi. Nikawaonyesha mistari mitatu tu:

10 INPUT N$
20 IF LEFT$(N$,2)="KI" THEN PRINT "VI"+MID$(N$,3)
30 IF LEFT$(N$,2)="CH" THEN PRINT "VY"+MID$(N$,3)

Yaani neno likianza na KI toa hiyo KI weka VI, likianza na CH weka VY. Wakaandika KITI ikasema VITI. KISU, VISU. CHAKULA, VYAKULA. Makofi. Alafu mmoja mjanja akaandika KISUMU. Mashine bila aibu ikajibu VISUMU. Walianguka chini. Mwingine CHUPA, ikasema VYUPA. KILO ikawa VILO. KIMA, yule tumbili, ikawa VIMA. KIBOKO nayo juu ya ile B mbovu iliingia kama KIOKO ikatoka VIOKO.

Sasa sikizeni. Jioni hiyo hakuna mtu aliondoka mapema. Walikuwa wanatafuta maneno ya kuiaibisha. Na msichana mmoja akaniuliza, "mwalimu, sasa mtu hujuaje chupa haiko kwa KI-VI kama haangalii mwanzo wa neno?" Nimefundisha ngeli miaka 11, hilo swali sijawahi kuulizwa. Baada ya Jumamosi tatu nikawapa zoezi la upatanisho wa kisarufi kwa karatasi na wote sita wakapita vizuri, pamoja na mmoja ambaye mwaka jana aliniandikia "chupa kikubwa".

Swali langu ni moja. Ni nini hasa kilifanya kazi hapo?

#2 Sina Data
Namba moja baada ya mwenye uzi. VISUMU 😂😂 nimemwaga chai.

#3 Jakondele
Omera mwalimu, Kisumu imekuwa jiji toka 2001, nyinyi mkangoja mpaka 2021, sasa mmeanza kututia kwa wingi. Tuko moja tu, nakuomba.

#4 Fundi Kibodi
Swali zuri. Mimi natengeneza kompyuta hapa mjini Nakuru na jibu langu ni fupi, mashine haikubali kitu nusu. Mtoto akikuambia "ngeli ya KI-VI ni vitu" wewe mwalimu unatikisa kichwa kwa sababu umeelewa anataka kusema nini. Mashine haikuelewi. Haina "si unajua tu". Lazima useme kila kitu mpaka mwisho na ukisahau kitu kimoja inakuonyesha hapo hapo. Hiyo kazi ya kusema kila kitu mpaka mwisho ndio isimu yenyewe, yaani elimu ya lugha, si ndio? Mimi si mwalimu lakini naona hivyo.

#5 Mama Ndengu
Asante kwa uzi mwalimu. Na mimi nafundisha, Kakamega. Naomba nikuulize kitu kabla hatujasifu laptopu. Ulikuwa na watoto WANGAPI? Sita. Nyumbani kwako. Jumamosi. Na nina uhakika mkewe mwalimu alileta mandazi. Mimi darasa langu wako 68, wa nyuma hata ubao hawaoni. Nipe sita nikae nao kwa meza na chaki moja uone kama hawatashika ngeli. Usiipe mashine sifa ya udogo wa darasa.

#6 Mwalimu Lanet
@Mama Ndengu mandazi yalikuwako, nakubali 😅 lakini wawili kati ya hao sita nimewahi kuwafundisha wakiwa peke yao, tuisheni, na bado "chupa kikubwa" iliandikwa. Kwa hivyo udogo wa darasa unasaidia ndio lakini haumalizi.

#7 Bonde la Ufa
Hiyo BASIC si ndio Bill Gates alivumbua? Ya zamani sana hiyo, wafunzeni Python.

#8 Mzee Kaseti
Kijana #7 hapana. BASIC ilitengenezwa 1964 kule Dartmouth College Marekani na walimu wawili wa hisabati, Kemeny na Kurtz, na walikuwa wanataka hasa wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta. Gates na mwenzake Allen walikuja 1975 wakaandika toleo lao la kuendesha ile mashine ya Altair. QBasic nayo ilikuja na MS-DOS 5 mwaka 1991. Python pia ni ya 1991, ya Mholanzi Guido van Rossum, kwa hivyo hiyo "mpya" yako na hiyo "mzee" ya mwalimu ni wa rika moja.

Ngoja niwape kisa. Miaka ya themanini nilikuwa Uingereza kwa kozi ya ualimu. Huko wakati huo kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeingia kama redio, kulikuwa na BBC Micro ya 1981, ZX Spectrum ya 1982, unaunganisha na televisheni ya sebuleni na programu unaiweka kwa kaseti ya kawaida. Unabonyeza pleya, inapiga kelele kama panya wamebanwa mlango, unangoja dakika kadhaa, na ikikosea kidogo unarudisha kaseti mwanzo. BBC Micro Model B ilikuwa na kilobaiti 32. Picha moja ya WhatsApp leo ni kubwa kuliko hiyo. Na hapo ndani mwalimu wetu wa isimu aliingiza sarufi ndogo ya Kiingereza, sheria tano au sita na maneno ishirini hivi, ikawa inatunga sentensi yenyewe. Nilikaa mbele ya ile televisheni nikasahau kula. Kabla ya siku hiyo nilidhani sarufi ni orodha ya makosa. Siku hiyo niliona ni kitu kama kiwanda.

#9 Sina Data
Mzee Kaseti ameingia na kelele za panya, huu uzi sasa unaanza.

#10 Binti Mumias
Mzee #8 hicho cha kiwanda ndio kitu. Na mimi nilijaribu na wadogo wangu, lakini kwa simu, Python ya simu, na tukachukua vitenzi. Kauli ya kutendea. Pika pikia, lima limia, kata katia, funga fungia. Alafu soma SOMEA, cheka CHEKEA. Nikawauliza ni lini inakuwa I na ni lini inakuwa E, wakaangalia irabu ya ndani wakasema ikiwa e ama o unaweka E, zingine zote unaweka I. Dakika tano. Kwa programu ni mstari mmoja. Tukajipiga kifua.

Tukaenda kwa kutendua na ile ile sheria. Funga fungua, kunja kunjua, chomeka chomoa, sawa o inaleta O. Kwa hivyo e nayo ilete O? TEGA. Programu ikasema TEGOA. Hapana, ni TEGUA. Yaani e na o ni marafiki kwa kutendea lakini kwa kutendua e anamwacha o peke yake. Hiyo sikuwahi kuiona maisha yangu yote na naongea Kiswahili toka nizaliwe.

Na kuna hii. Programu ilisema kaa inakuwa KAIA. Ni KALIA. Hiyo L inatoka wapi? Nunua nunuLia, chukua chukuLia, toa toLea. Mdogo wangu wa darasa la nane akasema "si kwetu tunasema ikhala". Jamani. Kiluhya kukaa ni khwikhala, L iko palepale! Kiswahili kiliimeza, sasa inachungulia tu ukiongeza kiambishi.

#11 Bonde la Ufa
@Binti Mumias hapo umenimaliza. Kikuyu ni gũikara, na R mahali pa L.

#12 Omusakhulu Bgm
Mulembe wote. Binti yangu umesema vizuri sana, hata hiyo orodha inaendelea. Lakini nataka nirekebishe kitu kimoja, msiseme "Kiluhya" kama ni lugha moja mkifundisha kompyuta, mtalia. Sisi Wabukusu watu ni babandu, Wamaragoli ni avandu, na ukiandika programu ya mmoja ukampa mwingine inamtukana. Nilijaribu na wajukuu, tuliishia vita ya kindugu.

#13 Jakondele
Sasa ngojeni niwaonyeshe lugha yenye maneno. Nyinyi wa Kibantu mna raha, mnabadilisha mwanzo tu. Dholuo wingi uko mwisho na unafanya vituko. Mlima ni got, milima ni gode. T imekuwa D. Sawa, sheria ni kulainisha? Ngoja. Mfupa ni chogo, mifupa ni choke. G imekuwa K! Jiwe kidi, mawe kite. Shamba puodho, mashamba puothe. Yaani kilicho kigumu kinalainika na kilicho laini kinakuwa kigumu, kila mmoja anaenda upande wa mwenzake. Na hata neno la Kiingereza likiingia linatiwa adabu, kitabu tunasema buk, vitabu ni buge.

Nilikaa na binamu zangu hapa Kondele tukaandika. Mstari wa kwanza, kama inaishia K weka G. Mstari wa pili, kama ni G weka K. Tukaweka buk. Ikatoka buke! Tukajaribu tena. Buke. Nilidhani kompyuta ina pepo. Ni saa nzima ndio binamu mdogo akashika kichwa akasema, "mstari wa kwanza unaifanya bug, alafu wa pili unaikuta ni G unairudisha K". Sheria zilikuwa zinafanyiana kazi bure. Ikabidi tuweke kwamba ukishabadilisha mara moja ondoka hapo, usiguse tena. Huyo binamu ana miaka 13 na amejielezea mpangilio wa sheria bila mtu kumwambia kuna kitu kinaitwa mpangilio wa sheria.

Na bado kuna wakaidi, ng'ombe mmoja dhiang', wengi dhok. Msichana nyako, wasichana nyiri. Hao tuliwawekea orodha yao kando wakae.

#14 Fundi Kibodi
@Jakondele hiyo ya kurudishwa ni kosa tunalolijua sana kwa kazi yetu, ndio ile ya mtu kutaka kubadilisha vinywaji vya vikombe viwili bila kikombe cha tatu.

#15 Mkisii wa Keroka
Mimi si mwalimu ni kondakta zamani, sasa niko Nakuru kwa biashara. Nina kitu kilinisumbua miaka mingi nikiwa kwa gari na nadhani kinaingia hapa. Majina ya steji za Wakikuyu. Githurai, Gikomba, Githunguri, Gatundu, Gatanga. Halafu Kinoo, Kiambu, Kirinyaga, Kinangop, Karatina, Kabete. Kwa nini wengine G wengine K? Nilikuwa nawauliza wenyewe wananiambia ni jina tu.

#16 Bonde la Ufa
Ni jina tu bana.

#17 Mwalimu Lanet
@Bonde la Ufa si jina tu! Angalia herufi inayofuata. Githurai inafuatwa na TH. Gikomba K. Gatundu T. Kinoo N, Kirinyaga R, Karatina R, Kabete B. Ikifuatwa na k, t, c au th, ile K ya mwanzo inakuwa G. Ndio maana lugha yenyewe ni Gĩkũyũ na kile kikapu ni kĩondo. Wanaisimu wanaiita sheria ya Dahl, jina la mmisionari Mjerumani aliyekuwa kwa Wanyamwezi, kwa hivyo haiko Kikuyu peke yake. Mkisii, hebu niambie, kwenu kitabu ni nini na lugha yenu ni nini?

#18 Mkisii wa Keroka
Egetabu. Ekegusii. Kiti ni ekerogo.
Wah.
Nimekaa nayo kinywani miaka 47!!

#19 Mwalimu Lanet
😂 Hiyo niliwapa watoto Jumamosi ya pili. Waliandika programu, ukiiwekea jina la mahali inakuambia K iko sawa ama ilifaa iwe G. Ikikataa, tunasema pengine jina si la Kikuyu. Ilikataa Kitui. Kweli, huko ni Ukambani na Kikamba hakina hiyo tabia. Ikakataa Kitale na Kitengela. Sawa. Ikakubali Kisumu, juu ya S hatukuwa tumeiambia kitu, na hapo tena tukamchokoza Jakondele bila yeye kujua.

#20 Jakondele
Nilijua mtarudi tu.

#21 Mama Ndengu
Nimerudi. Nilitaka kuthibitisha kwamba laptopu si lazima, nikafanya hivi darasani. Nikamchagua kijana mmoja nikamwita Mashine. Nikampa kadi za katoni zimeandikwa sheria, KI toa weka VI, CH toa weka VY. Wenzake wanamletea neno, yeye afuate kadi tu asifikirie. Wote 68 wanaona, bila stima, bila waya.

Ilifurahisha sana, darasa lilikuwa moto. Lakini niseme ukweli. Walipomletea CHUPA akasema "chupa". Nikamwambia fuata kadi. Akasema vyu... akanyamaza akacheka, akasema "mwalimu hiyo si neno". Hakuweza. Kila mara alikuwa anatengeneza makosa ya sheria zake kimyakimya kwa sababu yeye anajua Kiswahili. Nikambadilisha nikaweka mwingine, hivyo hivyo. Kwa hivyo pengine nakubali nusu, huo ujinga wa mashine una kazi yake, mtoto hawezi kuwa mjinga hivyo hata umlipe.

#22 Fundi Kibodi
Ndio hilo nilisema #4!

#23 Mama Ndengu
Hapana si hilo. Wewe ulisema mashine ni kali. Mimi nasema mashine ni MJINGA na mtoto kwa mara ya kwanza maishani ndiye mwalimu. Shuleni kila siku yeye ndiye asiyejua. Hapo kuna mtu anajua kidogo kuliko yeye. Hiyo raha ndiyo inafundisha, si ukali.

#24 Chanda Chema
Samahanini naingia kuharibu harusi. Nimesoma isimu chuo na naona mnaita isimu kitu ambacho ni kukatakata herufi tu. Mashine ya mwalimu haisikii. Andika "barabara". Ni njia ama ni sawasawa? Kwa mdomo hakuna shida, mkazo uko mahali tofauti. Kwa herufi ni moja. Na hiyo ni Kiswahili ambacho hakina toni, yaani sauti kupanda na kushuka mpaka maana ya neno inabadilika. Dholuo, Lubukusu na Kikuyu zina toni na kwa maandishi ya kawaida hatuziandiki, kwa hivyo programu zenu zimeruka nusu ya lugha. Watoto watatoka wakidhani lugha ni kile kinachoonekana kwa skrini.

#25 Omusakhulu Bgm
Hapo Chanda Chema amesema kweli, kwetu ukikosea sauti unaweza kujiharibia posa. Lakini mwanangu, hata ubao hausikii.

#26 Chanda Chema
@Omusakhulu 😄 hapo umenipata, lakini ubao haujifanyi umejibu.

#27 Binti Mumias
Kwani kujibu ni vibaya? Mnakumbuka ile programu ya ELIZA ya 1966, ya Weizenbaum pale MIT, ilikuwa inaongea na watu kama daktari wa akili na ilikuwa inawaelewa kabisa.

#28 Mzee Kaseti
Binti, ilikuwa haielewi chochote. Ilikuwa inatafuta neno kwa sentensi yako, inageuza "yangu" kuwa "yako" na kukurudishia kama swali. Ukisema mama yangu ananisumbua, inasema niambie zaidi kuhusu familia yako. Weizenbaum mwenyewe alishtuka, maana karani wake ambaye alimwona akiitengeneza miezi mingi alianza kuongea nayo na akamwomba atoke chumbani awaache peke yao. Lakini hebu fikiria kuitengeneza kwa Kiswahili. "Yangu" haitoshi, kuna wangu, changu, vyangu, langu, zangu, kwangu. Mtoto akimaliza kuandika hizo zote amemaliza ngeli zake bila kujua.

#29 Mwalimu Lanet
Mzee hiyo naifanya likizo ijayo.

Sasa kuna jambo sikulisema mwanzo na ndilo limenikosesha usingizi. Jumamosi ya tatu tulifanya ile ya kutunga sentensi. Watoto wanajua vielelezo matawi, ile michoro ya kugawa sentensi, S (sentensi) ni KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), KN ni nomino na kivumishi, KT ni kitenzi na kielezi, iko kwa mtihani. Tukaweka maneno, mashine ichague yenyewe kama bahati nasibu. Lakini upatanisho hatukuwa tumeweka, tuliandika vivumishi vikavu, kubwa, zuri, na kitenzi kimoja kimoja. Sentensi ya kwanza ikatoka hivi:

KITI KUBWA IMEVUNJIKA SANA

Nikaanza kucheka nikangoja nao wacheke. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "mwalimu, hii sasa imejua Kiswahili." Ilikuwa inaongea kama wao! Kama mimi pia nikiwa sokoni, tusidanganyane.

Nikawaambia haya basi, andikeni programu ya Kiswahili cha Nakuru, cha steji, na nilidhani haitakuwa na sheria yoyote itakuwa fujo. Walichukua nusu saa. Ni maswali mawili tu. Je, kina uhai? Ni kimoja ama ni vingi? Chenye uhai, a- na wa-. Kisicho na uhai, kimoja ni i- na vingi ni zi-. Hii kiti imevunjika, hizi viti zimevunjika. Hii mti imeanguka, hizi miti zimeanguka. Hii gari, hizi magari zimejaa. Ilifanya kazi kwa karibu kila neno tuliloweka. Yaani hicho tunachokiita Kiswahili kibovu kina sarufi, imenyooka, na mtoto wa miaka 15 anaweza kuiandika kwa mistari minane. Nilibaki kimya.

#30 Bonde la Ufa
Nimefurahi sana kusikia sisi Nakuru tuna sarufi.

#31 Mama Ndengu
Mwalimu na mimi nimenyamaza kidogo. Lakini nakuonya kama dada. Karatasi ya 102/2, ile ya pili ya Kiswahili kwa KCSE, ina alama 40 za matumizi ya lugha na hakuna hata moja ya "hii kiti". Ukimwambia mtoto hicho kina sarufi, kesho anaandika kwa insha na mimi ndiye nasahihisha.

#32 Binti Mumias
Na isimu jamii, ile ya jinsi watu wanavyotumia lugha mahali tofauti, si ina alama 10? Hiyo ndiyo mahali pake. Afadhali mtoto ajue anatoka sarufi hii anaingia ile kuliko kuambiwa miaka yote hana yoyote.

#33 Chanda Chema
Hapa sasa nasalimu amri kidogo, hii ni isimu. Mwalimu, watoto wako hawakushika ngeli kwa sababu ya mashine, walizishika kwa sababu walipata ya kulinganisha. Walikuwa na mifumo miwili kichwani na hakuna aliyewaambia ni miwili.

#34 Mwalimu Lanet
@Chanda Chema lakini "chupa kikubwa" iliisha kabla ya hiyo Jumamosi ya tatu. Nina karatasi.

#35 Bonde la Ufa
Na hivyo vielelezo matawi ni vya yule mwanaisimu Chomsky si ndio, 1957?

#36 Chanda Chema
Kugawa sentensi vipande kulikuwako kabla yake, mwanaisimu Bloomfield alishaandika habari hiyo 1933. Chomsky alichofanya ni kugeuza vipande kuwa sheria za kuzalisha sentensi, S iwe KN na KT na kuendelea. Ndio maana zinaingia kwa kompyuta vizuri hivyo, kwa sababu zinapangwa hatua kwa hatua kama maagizo ya mapishi. Na mwalimu, hiyo yako ikikuletea "daraja zuri linakunywa polepole" usiifute, ndiyo hoja yake ile, sentensi inaweza kuwa na sarufi safi na isiwe na maana.

#37 Jina Limekataa
Mnajua hii kazi ya Kiswahili ilishafanywa zamani na Mfini? Arvi Hurskainen, chuo cha Helsinki, alianza 1985, mfumo unaitwa SALAMA, unachambua maneno ya Kiswahili mpaka mofimu ya mwisho, yaani kile kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana. Kwa hivyo mnavumbua gurudumu.

#38 Mzee Kaseti
Ni kweli, na ulijengwa kwa njia ya Koskenniemi, mwenzake wa huko huko Helsinki, ya 1983. Kazi kubwa sana. Lakini kijana, mtu akikuambia ugali ulishapikwa na jirani, mtoto wako atajua kusonga?

#39 Kibarua
Samahani nje ya mada kidogo. Mbona hakuna mtu amesema tarakilishi? Mwalimu wa Kiswahili mzima anaandika "laptopu".

#40 Mwalimu Lanet
Darasani ni tarakilishi. Hapa niko likizo.

#41 Sina Data
Jirani zetu wa Tanzania wengine wanaiita ngamizi. Ukiweka kwa programu ya mwalimu inakuwa nini?

#42 Fundi Kibodi
Inanyamaza. Haianzi na KI wala CH.

#43 Omusakhulu Bgm
Mimi naona wote mmekosea. Watoto walielewa kwa sababu ya kucheka. Visumu ndiye mwalimu. Mimi nilichapwa kiboko kwa "chupa kikubwa" na sikuelewa, hawa walicheka wakaelewa.

#44 Jakondele
Kwa hivyo Kisumu ndio imefundisha Nakuru, tuandike hivyo.

#45 Mkisii wa Keroka
Mimi bado niko kwa Ekegusii na egetabu. Nimempigia mama simu nikamwambia. Akaniuliza kama nimekula.

#46 Binti Mumias
Leo tumefanya za U. Sheria yetu, neno likiwa na silabi mbili na linaanza na U, weka NY mbele. Uso nyuso, ufa nyufa, uzi NYUZI, imekubali zote. Ulimi hapana, hiyo ni ndimi, ni ndefu, tumeiweka kando na ubao mbao na ubavu mbavu tuziangalie kesho. Alafu mdogo wangu akaandika UJI.

Imesema NYUJI.

#47 Sina Data
Nyuji mbili na mandazi, tafadhali.

#48 Mama Ndengu
Ngoja, kwani uji uko kwa ngeli gani kwenu?